Daftari la Vipimo

Ukurasa wa kumi na saba, kwa penseli:
Cibalonza. Kifua themanini na nne, kiuno sitini na sita.
Gauni la kwaya, kola nyeupe, nusu imelipwa.
Alikuwa na miaka kumi na tisa na maneno machache,
ila nilipomzungushia utepe akavuta pumzi
na utepe ukanichomoka vidoleni.
Nikamwambia, binti, humo ndani umeficha mtu.

Kadutu kuna redio zinazogombana ukuta kwa ukuta,
kuna mama wa sambaza anayeita wateja kwa majina ya waume zao.
Studio hakuna.
Lakini duka langu lilijaa vikwembe mpaka darini,
na Zihindula, kijana wa kompyuta, aliingia akapiga kofi moja,
akatega sikio, akasema: hapa sauti hairudi.
Nilidhani ananitukana.

Basi usiku nikawa naning'iniza bazini, mapazia,
suti za watu waliokufa kabla ya kuzichukua,
naye akasimama katikati yake
kama nguo inayomngoja mwenyewe.
Umeme wa Bukavu huja saa nane usiku, ukipenda.
Ukija, tuna dakika arobaini, siku nyingine kumi.
Wimbo mmoja ulikula miezi mitatu, neno kwa neno,
kama mtu anayelipa deni la sukari.

Ukurasa wa thelathini na moja: kiuno tisini na nane.
Sikuuliza. Niliacha pindo la inchi mbili.
Ukurasa wa thelathini na nne: kiuno sabini,
na mtoto juu ya meza akitafuna kifungo.

Mwaka huo moto ulipita mtaani kwetu.
Nyimbo sita zilikuwa ndani ya kompyuta,
kompyuta ilikuwa ndani ya moto.
Cherehani niliitoa kwa mgongo. Nyimbo hazina mpini.
Kesho yake Cibalonza akasimama juu ya majivu
akaziimba, ya kwanza mpaka ya sita, polepole,
kama mtu anayehesabu watoto baada ya mafuriko.
Ya nne ilipungua ubeti. Haujarudi mpaka leo.

Halafu harusi za watu: elfu ishirini franka na sahani ya wali.
Halafu bwana mmoja kutoka Kampala, viatu vyenye ncha:
jina lako refu, halitaenea kwenye bango.
Akamjibu, basi ongeza bango.
Bwana akaondoka na pesa yote ya likelemba.

Miaka kumi na moja. Utepe wangu umefutika namba
kuanzia sitini hadi themanini; hapo napima kwa kidole.

Jana akaingia, hakubisha. Nyimbo tisa, fundi.
Tukaweka simu ndani ya bakuli ili sauti ikue.
Wa tano, ule wa mama yake,
nyuma kabisa, chini ya pumzi yake: taka-taka-taka.
Cherehani yangu.
Usiku ule sare za shule hazikuweza kungoja.
Zihindula alitaka kuikata, akasema ni uchafu.
Cibalonza akakataa. Hiyo, alisema,
ndiyo iliyokuwa ikinishikia mdundo.

Sikujua mikono yangu niiweke wapi.
Nikachukua utepe.

Ukurasa mpya, kwa wino:
kifua tisini na mbili. Vuta pumzi, nikamwambia,
na safari hii niliushika kwa mikono yote miwili.
Gauni la uzinduzi, bluu, mikono mirefu, Jumamosi.
Hajalipa. Zipu nimekopa kwa jirani.