Makabidhiano ya Funguo

Funguo ni saba, Eliseba.
Ule wenye kutu haufungui kitu,
ila usiutupe. Mlango wake ulibomolewa
mwaka walipoupanua ukumbi upande wa Mlimwa,
ufunguo ukabaki kama jina la marehemu
kwenye daftari la mahudhurio.

Hapa palikuwa shamba la uwele.
Usiliulize jiwe la msingi, linawajua waheshimiwa tu.
Halimjui mama Mbeleje, aliyevuna mara ya mwisho
katapila likinguruma nyuma yake,
suke kwa suke, mtoto mgongoni.
Fidia alipewa. Akanunua bati.
Akasema: bati halichipui.

Vigae vilikuja kwa treni,
vikashushwa stesheni usiku mvua ikinyesha,
watu wakaacha mizigo wakaitazama mvua.
Kigae cha tatu kutoka mlangoni kina ufa.
Mafundi wamekibadilisha mara nne,
kinapasuka palepale.
Wahandisi wanasema ni udongo.
Sisi wa hapa tunajua mji ulipata wapi jina:
yule tembo aliyezama
hajafika chini bado.

Kazi yenyewe utaizoea.
Mimi nchi hii niliisoma kwa viatu.
Siku ya kiapo huja vipya, vinang'ata visigino,
vinakanyaga kwa adabu kama vya mkwe.
Baada ya miaka kumi viatu vilevile
vinapita juu ya ufa bila kuangalia chini.

Zulia jekundu limepungua hatua sita.
Lianzishe mlangoni.
Mgeni wa taifa hupigwa picha anapoingia;
anapofika kwenye sakafu tupu
wapiga picha wameshakimbilia magari.

Siku ya jeneza la Mheshimiwa Lugwisha
nilipiga deki mara tatu, machozi hayakauki upesi kwenye marumaru.
Yule aliyemwita mwongo Alhamisi
Jumanne alishika kona ya jeneza,
nami nilimwona bega likishuka:
kona ile ndiyo iliyokuwa nzito.
Siku hiyo hakuna aliyesimama kutoa taarifa.
Hakuna aliyeomba mwongozo wa Spika.
Siwa ililala mezani kama mwiko usiku wa msiba,
chungu kimeepuliwa.

Kuna na mambo madogo, hayamo kwenye kanuni.
Maonyesho ya zabibu: katoni zilivuja,
nyuki wakakaa kikao hadi magharibi.
Harusi ya binti wa katibu, iliyokatazwa, ikafanyika.
Watoto wa shule kutoka Mvumi, mmoja
alivua viatu mlangoni, akaninong'oneza:
"Babu, humu analala nani?"
Nikamjibu, hakuna.
Nilimdanganya. Mwaka wa ile bajeti ndefu
nililala humu siku nne,
kichwa juu ya zulia lililokunjwa,
nikisikia ukutani wakigawana barabara
na ya kwetu Chipogolo ikiahirishwa.

Vumbi, Eliseba, ndilo adui na ndilo mwenyeji.
Linapita getini bila kitambulisho,
haliulizwi jimbo,
linakaa viti vya mbele.
Lifute. Kesho litarudi na ndugu zake.

Na jambo moja, usimwambie msimamizi.
Alfajiri, kabla kengele haijalia,
simama katikati, chini ya ile taa isiyowaka,
ukohoe.
Kimoja tu.
Ukumbi utakurudishia mara tatu,
kila mara mzito kidogo, kila mara mheshimiwa zaidi.
Hiyo ndiyo hotuba yangu ya miaka ishirini na sita.
Haimo kwenye Hansadi.

Weka sahihi hapa, chini ya yangu.
Tikisa kalamu, wino umelala.
Ndoo ipo nyuma ya nguzo.
Maji hutoka Jumatano.