Daftari la Mnong'onezaji

Mimi sikuonekana. Kazi yangu ndiyo hiyo:
kukaa nyuma ya pazia la marekani, mshumaa ndani ya kopo,
daftari mapajani, nikinong'ona pale mtu anapokwama.
Miaka thelathini na mmoja. Nyamvula Mebakari
alinihitaji mara moja tu.

Alikuja Klabu ya Reli kuleta chai.
Baba yake mkata mkonge wa Amboni, viganja vina miiba isiyotoka,
na siku ile kijana wa kuigiza mwana wa mfalme
alilala na homa kule Ngamiani.
Akasema, "Maneno yake nayajua. Nimeyasikia mlangoni."
Akatua birika, akavaa kanzu ya mwenziwe,
akapanda jukwaani na harufu ya tangawizi.
Tulizoea watu wa kupiga makelele.
Yeye alisimama kimya, mpaka watoto waliokaa dirishani
wakaacha kutafuna miwa.

Basi, tangu hapo.
Malkia mwenye taji la kopo la samli.
Mjane. Kadhi, kwa ndevu za katani.
Maiti mara mbili; mara ya pili akashikwa na kwikwi,
na Muheza nzima ikaamini marehemu anateta na malaika.

Mwaka aliocheza mama wa kambo
muuza dagaa wa Mgandini alifunika ungo wake:
"Nenda kwanza ukampe uji yule yatima."
Alirudi bila kitoweo, anacheka hadi machozi.
"Kumbusho," akaniambia, maana ndilo jina alilonipa,
"leo nimelipwa."

Mume alikuwa naye, karani wa bandarini, mtu safi, mwenye saa.
Akamwekea sharti: mimi, au mbao zile.
Sanduku nililibeba mimi, usiku, hadi Barabara ya Kumi na Tatu.
Ndani leso mbili, wanja, na zile ndevu za katani.
Talaka ikafuata. Hakuisoma kwa sauti,
yeye aliyesoma kila kitu kwa sauti.

Sasa ile mara moja.
Tuko Korogwe, mvua inachapa mabati, karabai inakohoa.
Malkia anaagana na waziri wake aendaye vitani.
Akafika katikati ya sentensi, akasimama.
Si ule usimamaji wake. Ule niliujua. Huu ulikuwa shimo.
Nikafunua daftari: matone yameshalamba wino.
Nikanong'ona lililonijia:
"Nenda. Lakini kikombe chako sitakiosha."

Akalipokea. Akalisema polepole, kama mtu anayehesabu chenji,
na wanawake wa mbele wakavuta ncha za kanga.

Baadaye, akijifuta wanja kwa mafuta ya nazi, bila kugeuka:
"Neno lile limo daftarini?"
"Limo."
"Nionyeshe."
Nikasema taa hafifu.
Hakuuliza tena. Ila kila tulipoucheza mchezo ule
alilisema, na waziri akabaki ameangaliwa kisogo,
kwa kuwa Malkia aliligeukia pazia.

Ukumbi siku hizi ni ghala la saruji.
Yeye yuko Makorora kwa mpwa wake, macho yana ukungu.
Majina ya watu yanamponyoka, ya michezo hayamponyoki.
Nikimpelekea uji ananiita Waziri, ananiita Kadhi;
Ijumaa moja aliniita kwa jina la yule karani,
nami nikaitika.

Jana, baada ya magharibi, aliinuka, akaitengeneza kanga begani.
"Kumbusho, zamu ya nani?"
Daftari lilikwisha kuliwa na mchwa zamani.
Nikanong'ona: "Yako."
"Basi nyamaza," akasema. "Watu wanaingia."