Askari Aliyekwenda Mfukoni

Julai, Jumamosi. Njombe imefunga kila dirisha.
Sakitu imelala juu ya lumbesa zilizokosa lori,
nyasi zinavunjika chini ya kiatu kama chumvi ya mawe.
Sisi tumo ghalani, baina ya mizani na jiko la mkaa,
mimi karani wa viazi, yeye Mlowe, fundi redio,
na ubao wa sataranji wa masalia ya msindano,
miraba yake myeusi imepakwa oili chafu.

Naanza. Askari wa mfalme, hatua mbili.
Naye vivyo hivyo, huku akipuliza vidole.
Kisha nafanya lile alilokwisha kunikanya:
namsukuma na jirani yake, yule wa mbele ya askofu,
namwacha peke yake, hana wa kumlinda,
kama mwenye nyumba aliyetoa komeo mlangoni
mwezi huu, baridi hii.

"Atuganile, huyu unamgawa?"
"Chukua."
"Bure?"
Anamchukua. Kila mara anamchukua.

Sikulisoma kitabuni. Nililiona Uwemba,
mwaka uliotubakizia debe moja
na watoto sita tumelikodolea.
Mama alichambua vikubwa, vyenye macho mengi,
akavikata, akavipaka majivu, akavizika.
Tukala vile vya ukubwa wa gololi.
Nililia. Akasema, nyamaza,
hivyo navyo vimekwenda kazini.

Basi farasi akatoka, askofu akatoka,
malkia akateremka mbiombio kama anadai deni,
na kwa hatua tisa ghala zima lilikuwa langu.
Mlowe akavua kofia. Mlowe akakuna shingo.
Hatua ya kumi na mbili niliinusa shaha.
Ya kumi na nne nikatupa ngome, kwa uroho tu,
nikainua macho: sina jeshi,
nina uwazi, na mfalme anatetemeka ndani yake.

Nisifiche: katika michezo kumi na tisa nimeshinda mitatu.

Hakucheka. Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa,
akanisukumia. Akauliza kwa nini sichezi kama watu,
nikajificha, nikangoja akosee.
Nikamwambia, kungoja nangoja Jumatatu hadi Ijumaa:
nangoja dalali, nangoja lori la Makambako,
nangoja bei ipande shilingi ishirini.

Usiku akapiga simu.
"Askari wako nimeondoka naye, alikuwa mfukoni mwa koti.
Mama watoto amelifua.
Amevimba, kichwa kimepasuka."

Leo pale pake nimesimamisha kiazi,
kidogo, kimeanza kuchipua,
kimeegemea kidogo upande wa mfalme.
Hatua mbili mbele. Nimekiacha.
Mkaa unatoa mlio.
Mlowe amekitazama mpaka chai imepoa,
na mikono yote miwili
bado iko ndani ya koti.