Erthi ya Zahanati

Mwezi wa kumi, Bahi, saa saba na robo.
Kipimo chetu cha njano kimepasuka kona,
kimefungwa mpira wa tyubu ya baiskeli.
Chuo kizima kina hicho kimoja,
nasi wanafunzi kumi na wanne. Leo zamu yangu.

"Fungua kwanza waya wa erthi," alisema fundi Chilongani,
"usije ukapima ya jirani ukajisifu."
Nati imeota ukijani. Spana ikateleza,
ngozi ya kidole changu ikabaki kwenye shaba.
Kigingi cha kwanza mita kumi na mbili na nusu,
cha pili mita ishirini, mstari mmoja,
kuupita ukuta wa choo, kuwapita mbuzi wawili
walioonja waya mwekundu, wakatema.
Napiga nyundo, ardhi inairudisha.
Huu si udongo, ni chungu kilichokwisha kutoka tanurini.

Nikabonyeza.
Mshale ukaamka,
ukayumba kama mtu aliyesikia jina linalofanana na lake,
ukasimama: omu mia moja themanini na nne.

Kitabu kinataka kumi.

Mbeleje akanong'ona: "Mwaga maji. Tia chumvi.
Sisi wa Bahi tukose chumvi?"
Ndoo ilikuwa mlangoni pa chumba cha kujifungulia.
Nikaimwaga yote pale kwenye nondo.
Ardhi ikanywa kwa sauti, nakwambia, kwa sauti,
kama ng'ombe aliyetoka machungani.
Mshale ukashuka. Tisini. Arobaini na moja.
Chumvi viganja viwili: ishirini na sita!
Nikaanza kuandika, peni yenyewe inacheka.

Chilongani hakutazama kipimo.
Alitazama udongo, lile duara jeusi,
na ndoo iliyolala ubavu.
"Umepima ndoo," alisema.

Laiti angenitukana.

Nesi Damari akatoka. "Mbukwenyi," akatusalimu,
akaitafuta ndoo yake kwa macho, akaiona.
Naye hakusema kitu. Lita ishirini, shilingi mia tano,
kwa baiskeli, tangu alfajiri.
Ndani, friji ya chanjo ilikuwa ikinguruma,
na mtu mmoja, nyuma ya pazia, akihesabu pumzi zake.

Jioni fundi alimenya karanga,
akaongea kama anayeongea na karanga:
"Radi ya kwanza huja kabla mvua haijalowesha kitu.
Erthi hupimwa ikiwa na kiu.
Siku ya maji, kila waya ni mwaminifu."
Kisha akauliza kama kuna aliyebaki na chumvi, ya karanga.
Hakuna aliyecheka. Baadaye tulicheka sana.

Kesho yake chumvi ilikuwa juu, nyeupe,
kama jasho lililokaukia shatini.
Mia moja sabini na tisa.
Tukachimba. Tukashindilia nondo mbili upande wa mashariki,
tukaziunga kwa waya mtupu, tukakaza nati mpya;
jembe la zahanati likavunjika mpini, nikalipa mimi.
Mia moja na tisa.
Sabini na nne.
Nondo zikaisha. Jua halikuisha.

Nimeandika sabini na nne.
Kwenye safu ya maoni nimeandika:
"Haitoshi. Ziongezwe nondo, ndefu kuliko hizi.
Imepimwa kavu."
Mbeleje akasema tutapata alama ndogo.
Chilongani akatia sahihi bila kuinua kichwa,
akanirudishia peni,
na kwa mara ya kwanza akaniachia kipimo nikibebe mwenyewe,
nikipitishe zahanati tukaage.

Kinaning'inia begani, kinagonga mbavu.
Mkononi nina ndoo ya nesi, imejaa hadi ukingoni.
Natembea polepole, isimwagike.