Penseli ya Heldur

Nilimpelekea kurasa mia mbili na arobaini
ndani ya mfuko wa sufu, sikuwa na mwingine.
Heldur alizipima kwa kiganja kama mnunuzi wa samaki,
akasema, "Kitabu kimo. Kimelaliwa na kurasa sabini."

Miaka thelathini na mmoja alisahihisha ratiba za treni
hapa Haapsalu, mji ambao stesheni yake sasa haina treni.
"Tarakimu moja ikiteleza," aliniambia akichonga penseli,
"mtu anabaki kwenye theluji na sanduku lake.
Nasoma hivyo hadi leo. Namtafuta huyo."

Mimi mfumaji. Nina duka la shali, Mtaa wa Karja,
shali nyepesi, nzima hupita ndani ya pete ya ndoa.
Kitabu kilikuwa cha kufundisha ua la yungiyungi la bondeni,
pamoja na habari za mama, na za bahari inavyoganda,
na za mama tena.

Nilianza na hali ya hewa.
"Kurasa nne mgeni amesimama mlangoni," alisema,
"na wewe wamsimulia mawingu. Mkaribishe, avue koti."
Nilipoandika "uzuri usio na kifani"
aliuliza pembeni kwa herufi ndogo: "Ulikitafuta wapi?"
Kila penye "kwa hakika" palibaki peupe.
"Soma kwa sauti. Pumzi ikikwisha kabla ya nukta,
nukta imechelewa, na abiria wanalalamika."

Kisha akanifukuza. "Wiki tatu usikiguse. Kauze shali."
Niliuza mbili.
Niliporudi, mstari wa thelathini na nane,
nilikuwa nimeandika vitanzi vinne badala ya vitano.
Nikamwona mwanamke, sijui wa wapi, uzi mapajani,
akifumua usiku kucha kosa ambalo si lake.

Hata kadi za dukani alizitaka.
"Tunajivunia kukuletea ubora wa hali ya juu."
"Mnajivunia wewe na nani? Mle ndani uko peke yako na paka."
Sasa zinasema: Nafuma mwenyewe, kwa wiki sita.
Na chini yake bei, waziwazi;
mteja si askari wa kodi, ya nini kumfichia?

Tuligombana juu ya mama.
Alimfuta kote, sura tatu nzima, akambakiza mara moja:
siku ya kupima shali, kidole kimevimba, pete haivuki kifundo,
anacheka, anamtuma mtoto kwa jirani kuazima nyingine.
"Hapa yupo," Heldur alisema. "Kwingine unamtaja tu."
Nilibeba mfuko wangu nikaondoka bila kuaga.
Siku nne sikufuma. Ya tano nikasoma kwa sauti, jikoni,
na kote kwingine sauti yangu ilikuwa
ya mtu anayeiandikia benki barua.

Lakini mstari wa bahari sikumwachia:
"Barafu ikikaza, ghuba huguna kama mtu anayegeuka kitandani."
Alikuwa ameukata. Nilimpeleka ufukweni, Februari,
tukasimama kimya mpaka masikio yakauma,
mpaka ghuba ikaguna.
Alivua glavu kwa meno, akatoa penseli,
akatia vitone chini ya maneno aliyoyafuta,
alama ya wapiga chapa: yabaki yalipokuwa.

Ankara yake ilifika Ijumaa, mistari mitatu:
kazi, saa, kiasi. Hakuna neno la kupunguza.
Ila tarehe. Ameandika thelathini Februari.

Niliisoma tena, kwa sauti.
Nikainuka kutafuta penseli.