Bega la Kushoto

Turubai ni gunia la korosho.
Nimelipasua, nikalivuta juu ya fremu ya mninga,
nikalipaka rangi ya maji mara tatu,
na bado herufi za ghala zinachungulia kwa ndani.
Rangi za mafuta ni tyubu saba, zilitoka Dar
kwa basi la usiku, zimefichwa ndani ya soksi.
Ya njano ilipasukia Nangurukuru.
Nikaikamua soksi.

Nilimtaka mama
amesimama hapa ukingoni, Newala nyuma yake,
Shimo la Mungu mbele,
jua likizama upande wa Masasi
na bonde lote la Ruvuma likiwa moshi na shaba.
Picha yake ninayo moja, ya kitambulisho.
Inaishia shingoni.

"Nitakusimamia mimi," akasema Bi Asumini.
Mke mwenza. Yule ambaye mama
alimaliza miaka kumi na mmoja
bila kumwambia chumvi iko wapi.
Akajifunga kitenge cha mama, kile cha kasuku,
akapanda nami jioni akiwa bado na salfa
masikioni, kwenye nyusi, kwenye ukosi wa blauzi,
maana mikorosho ilikuwa imetoa maua
na pampu ilikuwa zamu yake.

Jua la kule halimsubiri mchoraji.
Dakika ishirini, basi.
Unachanganya chungwa, limeshakuwa kutu;
unachanganya kutu, imeshakuwa zambarau;
unainua macho, yamebaki majivu
na mbwa wa mtu anabweka bondeni.
Lakini mafuta hayana haraka.
Anga la jana nalikuta leo bado bichi,
limenata vumbi jekundu, na sisimizi mmoja
amegandia mawinguni kama ndege.
Nikamwacha.

Siku ya nne anga lilikuwa limekwisha.
Siku ya sita, ng'ambo, Msumbiji na vilima vyake.
Katikati palibaki tundu lenye umbo la mtu.
Bi Asumini akaja kuchungulia, akaguna:
"Mbingu umeimaliza, mimi bado tundu.
Ndiyo desturi ya nyumba yenu."

Nilijaribu nyeusi. Ikafa palepale,
ikawa mlango wa stoo.
Nikaikwangua kwa kisu cha mkate
na kutazama tena, safari hii
si nilichokikumbuka, kilichokuwepo.
Mgongo wa mtu aliyelielekea jua si mweusi.
Una nili, una kijani cha chupa,
na pembezoni una uzi mwembamba wa njano
ambao haukutoka mbinguni.
Ni salfa.

Na bega la kushoto limeshuka.
Mama alisimama wima kama mchi.
Hili ni bega la mzegazega,
la kuteremka bondeni alfajiri kabla bomba halijafika,
madebe mawili, kama mwanamume, watu wakicheka.
Mwaka ule mama alipolala kitandani
kila asubuhi nilikuta debe limejaa mlangoni petu.
Sikusikia hodi. Sikuuliza.
Nilikuwa na miaka tisa, nikaoga.

Nikainua brashi nilinyooshe.
Ikakaa hewani, tone la nili likadondokea kiatuni.
"Umechoka?" akauliza bila kugeuka.
Nikamwambia, simama hivyohivyo.

Sasa ni wiki ya tatu, haijakauka.
Imeegemea ukuta wa sebuleni, inanuka tapentaini
hata ugali tunaula na harufu yake.
Kitenge kimerudi sandukuni.
Akija mgeni anainama, anakunja macho:
"Huyu ni marehemu mama yako?"
Kabla sijafungua kinywa
sauti inatoka jikoni, pamoja na moshi:
"Ndiye. Usimguse tu begani,
bado mbichi."