Konzi ya Nyongeza

Bi Mwanvita Pazi alinipigia mara nne
kabla sijamaliza chai pale Mburahati.
"Nimelipia kumi, napata moja na makombo.
Njoo na mizani yako."

Mizani yangu ni kompyuta mpakato na waya wa njano.
Nikachomeka, nikangoja mshale utulie:
tisa nukta nane.
"Kumi zako hizi hapa, mama. Imepungua chembe."

Akacheka kicheko cha Tandale,
cha mtu aliyepima mchele miaka ishirini na sita
na anajua kidole gumba kinavyoingia ndani ya kibaba.
Mezani palikuwa na daftari,
na saa ya ukutani ameishusha msumarini.
Video ya harusi ya mdogo wake, Korogwe:
megabaiti mia tatu.
Alitegemea nusu dakika.
Imeshuka kwa dakika nne na sekunde tano,
zote ameziandika kwa kalamu nyekundu.

Nikaanza kama tulivyofundishwa:
biti ni ndiyo au hapana, basi,
taa imewaka, taa imezimika.
Nane zikishikana ndiyo baiti,
na baiti moja hubeba herufi moja ya jina lako.
Faili tunalipima kwa baiti,
waya tunaupima kwa biti kwa sekunde,
kwa hiyo gawanya kwa nane...

"Ngoja.
Mzigo mnaupima kwa pishi,
njia mnaipima kwa kibaba,
halafu bango la Magomeni mnaandika KUMI, kubwa kama nyumba?
Na kile kineno 'hadi', kimejibanza pembeni kama mchwa?
Mwanangu, sokoni ningefungiwa kibanda."

Feni ilizunguka. Sikuwa na la kusema.

"Haya, nipimie na hiki."
Akampigia Shomvi, mwanawe, yuko Guangzhou.
"Shomvi?"
Kimya.
Kisha: "Naam, mama."
"Umekula?"
Kimya.
Nikatazama namba: milisekunde mia nne na themanini,
kwenda na kurudi.

Alipokata simu akaniuliza
hicho kimya kinauzwa kwa kipimo gani.
Nikamwambia hakiuzwi.
Nunua kumi, nunua mia, bomba litapanuka tu;
safari ni ileile.

Akakaa.
"Kumbe ni umbali," akasema taratibu.
"Mwaka mzima nadhani anasita kunijibu."

Nilipokuwa nakunja waya akanipimia maharage,
kibaba kimoja, akakipangusa juu kwa kijiti
kikawa sawasawa na mdomo,
kisha akatia konzi moja juu yake.
"Hii haimo kwenye bei. Nyie mnaongezaga nini?"

Kwenye fomu, mahali pa Tatizo,
niliandika: Hakuna.
Nikafuta.
Nikaandika: Nane.